Gari la Kumfuata Mumbi

Watu hununua gari kwa sababu ya injini, au kwa sababu ya bei, au kwa sababu jirani analo. Kaleli alinunua lake kwa sababu ya viti. Tusimcheke mapema. Alikuwa fundi wa ngozi, na kila mtu huona kwanza kile ambacho mikono yake imekizoea. Katika kibanda chake karibu na soko la Thika alishona mikanda, hatamu za farasi, mikoba ya makarani na viti vya magari ya Wazungu wa mashamba, na sifa zake zilikuwa zimefika hadi Makuyu. Mwishoni mwa mwaka wa 1956 Mzungu mmoja wa kahawa alimwita akashone mpasuko mdogo kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kubwa jeusi. Kaleli akafungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi, na mambo yake yakaharibika tangu hapo.

Ngozi ile, jamani! Ilikuwa nyekundu ya kuiva, laini, haina alama hata moja ya kupe wala mwiba, ngozi ya ng'ombe aliyekulia nchi za baridi bila kuujua msitu. Kaleli, ambaye ngozi zake zote zilikuwa na matundu ya kupe na alama za moto za wenyewe, alipapasa kiti kile mpaka akasahau kilichomleta. Alipomaliza kushona, Mzungu akamwambia kwamba anarudi kwao na gari analiuza shilingi mia tisa. Lilikuwa gari la kabla ya vita, umri wake karibu miaka ishirini, lililoundwa ili tajiri akae nyuma na dereva wake ahangaike mbele. Kuendesha Kaleli alikuwa amejifunza zamani kwenye lori la shamba la mkonge, kwa hiyo hilo halikumtisha. Boneti hakuifungua. Angefungua angeona nini? Chuma tu, na chuma hakikumhusu.

Shilingi mia sita alikuwa nazo. Mia tatu zilizobaki zilikuwa za Mumbi.

Mumbi alikuwa mke wake wa miaka mitano, Mkikuyu wa Ruiru, binti wa mzee Kagwe. Kaleli mwenyewe alikuwa Mkamba wa upande wa Ngoliba, na alipomposa Mumbi aliwaswaga mbuzi ishirini kwa miguu kutoka Ngoliba hadi Ruiru, siku mbili njiani, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Watu wa kwa kina Mumbi walilisimulia jambo hilo kwa miaka. Mtoto hawakuwa wamejaliwa. Nyumba yao pale Majengo, Thika, ilikuwa ya udongo, na paa lake lilikuwa la madebe yaliyopondwa yakanyooshwa, na kila mvua ilipata pa kupitia. Kwa hiyo Mumbi aliuza maharagwe na ndizi sokoni, na kila alichokibakiza alikitia kwenye mkebe wa majani ya chai, akiba ya mabati. Kaleli alichukua mkebe mzima. Alinuia kuurudisha kabla mwenyewe hajaugusa, kama wote wachukuao hunuia.

Alipolileta gari, Mumbi alitoka nje akifuta mikono kwenye leso. Alilizunguka mara moja. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe mtupu, akauweka juu ya boneti. Kaleli akamfungulia mlango wa nyuma.

"Kaa kidogo tu uone," alimwambia. "Kaa kama bibi wa gavana."

"Mvua ikija tutalala humo?" Mumbi aliuliza.

"Mabati nitanunua. Mwezi wa tatu hautapita."

"Basi nitakaa siku hiyo."

Wiki ya pili gari lilianza kuonyesha tabia zake. Kwanza rejeta, iliyomwaga maji chini kiasi kwamba kuku wa majirani walianza kuja kunywa asubuhi. Kaleli akamwita Salehe, fundi wa magari wa palepale Majengo, mtu aliyejifunzia kazi jeshini, huko Burma, akiwa amelala chini ya malori. Salehe alifungua boneti, akainama, akaitazama injini kama anayesoma barua yenye habari mbaya.

"Umenunua kochi, ndugu yangu," alisema mwishowe. "Kochi zuri sana. Bahati mbaya limekuja na injini."

"Ni rejeta tu."

"Leo ni rejeta. Sikiliza, Kaleli. Gari dogo la mtu wa kawaida likifa, linakufa mara moja, unalia, unamaliza. Hili la kitajiri linakufa kipande kipande, na kila kipande ni cha kuagiza. Spea ya gari dogo ukipewa kwa shilingi kumi, ya hili utapewa kwa arobaini. Si kwamba ni bora. Ni kwamba hakuna mwingine anayeinunua, kwa hiyo mwenye duka anakungojea wewe."

Kaleli alicheka. Salehe hakucheka. Akaziba rejeta kwa shilingi kumi na tano, na kabla mwezi haujaisha akaitwa tena, safari hii kwa ajili ya breki. Ukiikanyaga pedali ilizama hadi chini pasipo kitu chochote kutokea. Mafuta ya breki yalikuwa yakivuja kwenye magurudumu yote manne, na vifaa vyake vilitoka Nairobi kwa shilingi themanini na tano. Hayo yakawa mabati ya upande mmoja wa paa.

Masika yalikuja mwezi wa nne. Mvua ya kwanza kubwa ilianguka alasiri moja ya Jumamosi, mvua ya mawe, na Mumbi alikuwa akikimbia huku na huku ndani na masufuria, akiyatega chini ya matundu. Kulikuwa na turubai moja tu. Kila mwaka Kaleli alipanda nalo juu ya paa akalifunga sehemu ya kitanda. Siku hiyo alilitoa uvunguni, akakimbia nalo nje, na Mumbi akasimama akingoja kusikia miguu juu ya paa. Hakuisikia. Alipochungulia mlangoni alimwona mumewe, ameloa chepechepe, akilifunika gari kwa uangalifu, akizikunja pembe za turubai chini ya magurudumu kama mama anayemfunika mwana. Madirisha ya gari yalikuwa hayafungi vizuri, na ngozi ile maji yangeiharibu.

Kaleli alipoingia ndani, godoro lilikuwa limelowa na Mumbi alikuwa akifunga nguo zake kwenye kitambaa. Hakuwa akilia. Wala hakupaza sauti, na baadaye Kaleli alitamani sana kwamba angepaza.

"Nakwenda kwetu," alisema. "Ukinitaka, kwetu unakujua."

Jumatatu yake aliomba karatasi ya kusafiri, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari na Mkikuyu hakutoka mjini bila karatasi, akapanda gari moshi la asubuhi akashuka Ruiru. Kaleli alimsindikiza kwa macho tu.

Maneno yale ya Mumbi hayakuwa na fumbo lolote. Mke akirudi kwa baba yake kwa ugomvi, mumewe humfuata. Huja yeye mwenyewe na mtu mzima mmoja, wakaja na kondoo, wakakaa wakasemwa mpaka masikio yakawawasha, kisha mke akafunga mzigo wake wakaondoka. Baba wa mke hawezi kumrudisha kwa mkono wake kama mtu anayetupa kitu, wala hawezi kutuma mtu kuuliza kwa nini mkwe haji, kwa sababu hiyo ni kujidhalilisha. Hungoja. Kagwe alingoja. Kutoka Thika hadi Ruiru ni maili kumi na tatu, barabara iko wazi, na Mkamba hakusumbuliwa sana na mambo ya karatasi. Mtu akiondoka alfajiri, chai ya saa nne anainywa kwa mkwewe.

Lakini Kaleli alikuwa na lake kichwani. Gari ndilo lililomtoa Mumbi nyumbani, basi gari ndilo litakalomrudisha. Angeingia Ruiru polepole, jeusi linang'aa, akamfungulia mlango wa nyuma mbele ya watu wote, na Mumbi angekaa. Akishakaa, angeelewa. Kwenda kwa miguu kungekuwa kusema kwamba shilingi mia tisa na mkebe wa majani ya chai vilikuwa ujinga mtupu. "Nitalitengeneza kwanza," alimwambia Salehe. "Ni wiki mbili tu."

Wiki mbili! Maji yaliingia kwenye oili, na Salehe akaifungua injini akakuta gasketi imeungua. Gasketi yenyewe ilikuwa haipatikani Nairobi, ikaagizwa ng'ambo, ikachukua miezi mitatu baharini na bandarini. Ilipofika, mlango wa dereva ukaanguka. Ndiyo, ulianguka mikononi mwa Kaleli alipoufungua, kwa sababu mafundi wa zamani wa magari ya fahari walikuwa wakitengeneza mifupa ya bodi kwa mbao na kuivisha bati juu, na ndani ya mbao zile mchwa wa Thika walikuwa wamekula wakashiba. Nchi za baridi walikoundwa magari hayo hazina mchwa, kwa hiyo hakuna aliyewafikiria. Seremala alitaka shilingi mia na ishirini. Kaleli aliuza baiskeli yake, akauza cherehani moja kati ya mbili, akapunguza bei ya mikanda ili ipate kutoka haraka. Mwili wake ukapungua pamoja na bei.

Na upweke, sasa. Kaleli alikuwa akirudi kutoka kibandani saa kumi na moja jioni, akipika muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, akauchukua kwenye sahani kwenda kuulia ndani ya gari. Alikaa nyuma, upande wa kulia. Upande wa kushoto alikuwa ameuwekea Mumbi, na hakuukalia hata mara moja, wala hakuweka kitu juu yake, hata kofia. Kila siku aliupangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya ng'ombe. Wakati mwingine alisema jambo kuelekea upande huo, jambo dogo tu, kwamba chumvi imezidi au kwamba fulani kaulizia habari zake, kisha akasikiliza majirani wakiwaita watoto wao ndani. Majirani walimpita wakamwamkia kupitia kwenye kioo. Walianza kumwona kama mtu aliyehama, na kwa kweli alikuwa amehama. Ndani ya nyumba alilala tu, kwenye kona moja kavu.

"Mimi ningekwenda kesho," Salehe alimwambia siku moja, mikono yake ikiwa ndani ya injini. "Kwa miguu."

"Bado kidogo."

"Kaleli, mimi ndiye ninayekula pesa zako, na mimi ndiye ninayekwambia. Nenda."

"Kaza hiyo nati," Kaleli alisema.

Jumapili moja ya mwezi wa Desemba gari likawaka, likatulia, likanguruma vizuri, na Kaleli akavaa suti yake ya arusi. Alimchukua Salehe kuwa ndiye mtu mzima wa kwenda naye. Walimpakia kondoo mmoja kwenye buti, wakaondoka saa tatu asubuhi. Waliteremka hadi daraja la Ndarugu salama. Kupanda upande wa pili, mshale wa joto ukapanda nao, na walipofika Juja, katikati ya mashamba ya mkonge, moshi mweupe ukatoka chini ya boneti na injini ikanyamaza. Pampu ya maji ilikuwa imekufa. Salehe alichukua kondoo, kwa maana angekufa kwa joto humo ndani, akarudi Thika kutafuta msaada. Kaleli alibaki.

Kutoka pale hadi Ruiru zilikuwa zimebaki maili sita.

Akiwa amesimama hapo kando ya barabara na suti yake, akapita mama mmoja na mzigo wa ndizi mgongoni. Alikuwa Idah, jirani wa mzee Kagwe, aliyekuwa akirudi kutoka kwa dada yake. Alimtambua Kaleli mara moja, akashangaa, akafurahi.

"Si wewe ni bwana wa Mumbi? Ngai! Unaenda kumchukua?"

"Naenda. Gari imechoka kidogo."

"Achana na hiyo gari, twende. Ruiru ni hapo tu. Mimi mwenyewe natembea na mzigo, sembuse wewe na mikono mitupu?"

Hapo ndipo mimi, kama ningekuwepo, ningemshika ukosi wa koti nikamburuta. Kaleli aliitazama barabara. Akawatazama vijana watatu wa shamba la mkonge waliokuwa wamekuja kulishangaa gari, kila mmoja na panga lake la kazi. Aliijua ngozi. Alijua kwamba kiti cha nyuma peke yake kingetoa mikanda sitini, na ala za visu zisizohesabika, na kwamba panga lingelimaliza jambo hilo kwa muda wa kuvuta sigara moja. Vijana wale hawakuwa wamefanya kosa lolote, walikuwa wakitazama tu.

"Siwezi kuiacha," alisema. "Mwambie nakuja. Mwambie nakuja na gari."

Idah akamtazama kwa namna fulani, akauweka vizuri mzigo wake mgongoni, akaenda. Kaleli aliingia nyuma, akakaa upande wake wa kulia, akafunga milango yote. Alikaa humo mpaka saa kumi, jua likimpika ndani ya suti. Salehe aliporudi na ng'ombe wanne wa kukokota, wa kukodi kwa pesa nyingi, waligeuza gari kuelekea Thika, kwa sababu vifaa vya Salehe vilikuwa Thika na spea ilikuwa ya kuagiza kutoka huko.

Baada ya Juja, jambo likawa gumu zaidi ya mwanzo. Angekwenda sasa kwa miguu, angekuwa anakiri kwamba njia ya miguu ilikuwepo siku zote, na kwamba siku ile aliiona kwa macho yake. Kwa hiyo alijikaza. Pampu ya maji, shilingi sitini na tano. Betri, tisini. Springi ya nyuma ilikatika bila hata kupakiwa mtu, na yule kondoo akauzwa kuilipia. Tairi zilikuwa za kipimo ambacho maduka ya Thika hayakukijua, akanunua mbili kuukuu kutoka kwa dereva wa hoteli moja ya Nairobi na kulipa kama mpya. Miezi tisa mingine ilikwenda hivyo. Alikonda, mvi zikamwanza, na jioni aliendelea kula upande wa kulia na kupangusa upande wa kushoto.

Mwezi wa Septemba 1958 Salehe alifunga boneti, akajifuta mikono, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Sina la kufanya tena. Kila kitu kilichokuwa kibovu nimekibadilisha. Hii sasa ni gari."

Jumapili iliyofuata Kaleli aliondoka peke yake. Salehe alikuwa na homa, akamwambia aende tu asingoje mtu mzima mwingine, asije akapata sababu nyingine tena. Gari lilishuka Ndarugu likapanda Ndarugu. Mshale wa joto ulikaa katikati kama umegandishwa. Alipita Juja bila kutazama pembeni. Saa nne na nusu aliingia katika kijiji cha kwa mzee Kagwe, kimoja cha vijiji vile ambamo serikali iliwakusanya watu wakati wa Hali ya Hatari, nyumba zimebanana safu kwa safu. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakipiga kelele. Watu walitoka. Yote yalikuwa kama alivyoyaota, jeusi linang'aa, vumbi taratibu nyuma.

Mzee Kagwe alikuwa nje ya nyumba yake kwenye kigoda. Alisimama, akampa mkono.

"Karibu, Bwana Kaleli," alisema.

Kaleli alilisikia neno lile likamwingia kama maji baridi. Miaka yote mzee huyu alimwita muthoni, yaani mkwe, hata alipokuwa amemkasirikia. Hakuwahi kumwita Bwana.

Walikaa. Uji ukaletwa. Kaleli aliomba msamaha kwa kuja mikono mitupu bila kondoo wala mzee wa kusema naye, kisha akasema lililomleta. Alisema amekosa, na kwamba amekuja kumchukua mke wake.

Kagwe alizungusha kibuyu cha uji mkononi. "Tulikungoja," alisema. "Masika yakaisha, tukangoja. Kahawa ikachumwa, tukangoja. Mimi nilikaa hapa hapa nikitazama njia ile kama mlinzi. Mwezi wa sita mwaka huu akaja mtu mwingine. Anaitwa Erastus, ni mwashi. Alikuja kwa miguu, mvua inanyesha, na wazee wawili. Mimi sikumjibu. Nikamwambia Mumbi aseme mwenyewe."

"Na akasema nini?"

"Atakwambia."

Mumbi alitoka. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa mzuri. Alimwamkia Kaleli kwa heshima kama anavyoamkiwa mgeni. Kisha akalitazama gari kwa muda.

"Limepona," alisema.

"Limepona. Njoo ukae, Mumbi. Ukae tu. Upande wako sijaukalia hata siku moja."

"Miezi ile yote sikukifungua kitambaa changu chote," Mumbi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira. "Nilikuwa natoa nguo moja, naifua, naikunja, nairudisha. Nilisema, akija asinikute nikifunga mzigo, tusichelewe. Siku ile ya Juja, Idah alikuja akasema uko njiani. Nikachinja kuku. Nikapika, nikapaka miguu mafuta, nikakaa hapo ulipokaa wewe. Chakula kikapoa nikakipasha moto, kikapoa tena. Nikasema labda anatembea polepole, amezoea kukaa. Jua likatua. Kaleli, ulikuwa Juja. Ningekusikia ukikohoa."

"Gari lilikuwa..."

"Najua. Idah aliniambia. Ulikuwa unalinda viti. Ningerudi na wewe kwa miguu siku ile ile. Sikutaka gari. Nilitaka nikuone ukija. Usiku ule ndio nilifungua kitambaa."



Mzee Kagwe akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na Idah na mwanamume mmoja wa jirani wawe mashahidi. Kila mmoja alikuwa na kamba mkononi, na mwisho wa kila kamba walikuwa mbuzi wawili. Mke haolewi na mwingine mpaka mbuzi wa yule wa kwanza wamerudi kwa mwenyewe, na hilo Kaleli alilijua kama alivyolijua jina lake.

"Ulitoa ishirini," Kagwe alisema. "Hawa ni sita. Hao wengine watafika Thika kabla ya Krismasi. Nilikuwa najiuliza nitawafikishaje, mimi miguu yangu imekwisha. Lakini wewe una gari."

Hakusema kwa dhihaka. Kaleli alimtazama usoni akitafuta dhihaka, angalau apate cha kukasirikia, asiione.

Mbuzi wakaongozwa hadi garini. Kaleli akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, ule wa kushoto, mbele ya watu wote. Mumbi alikuwa ameingia ndani mbio, akatoka na magunia mawili ya kahawa.

"Tandika haya kwanza," alimwambia. "Kwato zitachana ngozi."

"Hapana," Kaleli alisema. "Waache."

"Kaleli, chukua magunia."

"Waache wakae."

Wakaingia mmoja mmoja. Wawili wakasimama kwenye nafasi ya miguu, watatu wakabanana upande wa kulia, na beberu mmoja mwenye ndevu akajiweka upande wa kushoto, akakunja magoti, akakaa. Kaleli aliwaaga wote kwa mkono. Mkono wa Mumbi aliushika hakujua kwa muda gani. Kisha akawasha injini, nayo ikawaka kwa mara moja.

Tangu alipotoka Ruiru alianza kuliombea gari lile liharibike. Aliomba kweli, kwa maneno. Likiharibika angekuwa na kazi, angekuwa na spea ya kutafuta na kitu cha kulaumu. Alipofika Juja aliondoa mguu kwenye pedali ya mafuta akalisikiliza. Halikugugumia. Akashuka Ndarugu akakanyaga breki, zikashika. Akapanda upande wa pili na mzigo wa mbuzi sita, na mshale wa joto haukutikisika. Nyuma alisikia kwato zikikwaruza, na ngozi ikichanika, akashangaa kwamba haimuumi. Harufu ya viti ilikwisha kabla hawajafika Thika.

Salehe aliisikia injini kutoka mbali. Alijitoa kitandani na homa yake, akajifunga shuka begani, akatoka barabarani akitabasamu, kwa sababu hakuwahi kulisikia gari lile likija safi namna ile. Lilipokuwa linasimama mbele ya nyumba, vioo vyake vilikuwa na ukungu wa pumzi, na ndani kulionekana kivuli kimeketi upande wa kushoto. Salehe aliukimbilia mlango, akaufungua, akainama kidogo kama dereva wa gavana.

"Karibu nyumbani, shemeji," alisema.

Beberu akashuka, akamwangalia, akaanza kula majani yaliyoota kando ya ukuta.

Salehe alishika mlango kwa muda bila kuufunga. Mbuzi wengine walishuka kwa zamu yao. Kaleli alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na injini ilikuwa bado inanguruma polepole, bila kukosea.

"Halikuchemka, Salehe," alisema. "Hata Ndarugu halikuchemka." Kisha akalia kwa sauti, na majirani wakawaita watoto wao ndani.